Mwanangu, pima kwanza ndipo uombe hela

Mwanangu Idrisa,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti wa jana usiku nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na makelele ya wenzako. Unasema gemu linalagi, unafyatua risasi leo adui anakufa kesho, na dawa yake ni mimi kulipia kifurushi kikubwa zaidi cha faiba. Huku Dodoma nashinda kutwa nikisikiliza watu wazima wenye ofisi zao wakidai hichohicho, kwa hiyo hujanishtua. Hela ya kifurushi situmi kwa sasa. Nitakueleza sababu, na ukitaka kubisha, bisha kwa namba.

Kifurushi kinakuuzia wingi: data kiasi gani ipite kwa sekunde moja. Wingi huo unaufaidi siku ya kupakua gemu au kuangalia filamu. Ukishaanza kucheza, gemu linatuma na kupokea vipakiti vidogo vidogo, na kinachotakiwa ni vifike upesi, bila kupotea njiani. Muda wa kipakiti kwenda na kurudi, kwa milisekunde, ndiyo hiyo ping unayoiona kwenye kona ya skrini. Unaweza kuwa na megabiti 100 na ping mbovu, na jirani yako mwenye megabiti 10 akakupiga mabao.

Fanya hivi. Kwenye kompyuta fungua kile kidirisha cheusi cha amri, andika ping 192.168.1.1 -t kisha bonyeza Enter. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yetu, imeandikwa kwenye kibandiko cha chini yake. Fungua kidirisha cha pili, andika ping 8.8.8.8 -t, hicho kinapima mpaka nje. Viache vyote viwili vikimbie huku unacheza. Siku lagi ikikupata, usitukane mtu, tazama vidirisha. Kile cha ruta kikisoma 2, 3, 2, 3, halafu ghafla 187, halafu jibu lisirudi kabisa, ugonjwa uko humo humo ndani, kati ya kompyuta na ruta, na hakuna kifurushi kitakachoutibu. Cha ruta kikitulia, cha nje ndicho kinarukaruka, hapo tutazungumza mengine.

Mimi nahisi ni humo ndani, maana picha uliyonitumia nimeikuza nikaikagua. Ruta iko sakafuni nyuma ya televisheni, imebanwa na friji, na bibi yako ameifunika kitambaa chake cha kufuma. Kitambaa hakizuii mawimbi, ila kinaifungia joto, na ruta ikichemka huanza kujizima na kujiwasha. Kiondoe kwa adabu, mwambie bibi nitamletea meza ya kukitandikia. Televisheni na friji ndivyo vinavyozuia mawimbi, na kati ya sebule na chumba chako kuna kuta mbili za tofali za saruji. Ile Wi-Fi ya gigahezi 5 ina kasi lakini kuta inaziogopa, ya 2.4 inapenya, ila mtaa mzima uko humo, na hata maikrowevu ya mama wa nyumba ya nyuma ikiwashwa inapiga kelele kwenye mawimbi hayohayo. Ukilazimika kutumia 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11, zile tatu hazipandiani. Ukiniuliza mimi, anayecheza kwa ushindani hachezi kwa Wi-Fi. Anavuta waya.

Sasa Zuhura. Usimkaripie, hajui. Simu yake kila ikishika Wi-Fi inapandisha picha na video zake zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, na jioni anapandisha za TikTok. Ruta inapanga vyote foleni moja ya kutoka, kwa hiyo kipakiti chako cha gemu ni bodaboda iliyokwama kichochoroni nyuma ya malori ya mchanga. Ndiyo maana ping ya nje inapaa kutoka 60 hadi 400 bila ruta kuharibika. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, tafuta QoS, kipengele cha kupanga nani apite kwanza. Pima kasi yako ya kupandisha wakati nyumba imetulia, kisha weka kikomo kama asilimia 85 au 90 ya ulichopata. Unapoteza kasi kidogo, lakini foleni inabaki ndani ya ruta yako, na ruta ikijua kupanga, gemu linapitishwa mbele. Kama ruta haina kipengele hicho, basi simu ya Zuhura ipandishe picha usiku wa manane.

Kuna sehemu ya ping ambayo hata mimi siiwezi. Mwanga ndani ya faiba unasafiri karibu kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka Dar hadi Frankfurt, hata waya ungenyooshwa kama rula, ni karibu kilomita 7,000, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 70 kabla hujahesabu kitu kingine. Na waya haukunyooka, unazunguka na bahari. Kwa hiyo gemu likikuruhusu kuchagua seva, jaribu ya Afrika Kusini na ya nchi za Ghuba, usiachie lenyewe likupeleke Ulaya. Na siku nyingine ni bahari yenyewe: Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika huko karibu na Afrika Kusini, nchi nzima ilisuasua. Siku kama hiyo funga kompyuta, kacheze mpira.

Nililolikasirikia ni lile la mwisho ulilolisema haraka haraka, kwamba kuna jamaa wa kwenye gemu amekwambia uzime fayawoli na uiweke kompyuta kwenye DMZ ili NAT, ule mfumo wa ruta wa kuficha vifaa vyote nyuma ya anwani moja, iwe wazi. Hapana. DMZ maana yake kila anayebisha hodi kutoka popote duniani anaelekezwa moja kwa moja kwenye kompyuta yako, ile yenye vyeti vyako na picha za familia. Kwanza angalia ruta imepewa anwani gani upande wa nje. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hata ukifungua milango (port) yote ya ruta, gemu halitaona tofauti. Hapo unaomba anwani ya umma kwa mtoa huduma, basi. Ikiwa si hivyo, fungua mlango ule mmoja tu gemu linaoutaka.

Usidhani natia chumvi. Mwaka 2016 kulitokea kirusi kinaitwa Mirai. Kilikuwa kinazunguka intaneti kikigonga ruta na kamera za ulinzi, kikijaribu maneno ya siri ya kiwandani yasiyofika mia: admin na admin, root na root, mambo hayo. Kilipata malaki ya vifaa. Waliokitengeneza ni vijana watatu wa Kimarekani, na walikuwa wakikitumia kwenye vita vya biashara vya seva za Minecraft, Minecraft hiyo hiyo anayocheza Zuhura. Walikiri mahakamani Desemba 2017. Lakini msimbo walikuwa wameshauanika, na Oktoba 21, 2016 wengine wakautumia kuiangusha kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, na pamoja nayo Twitter, Netflix, hata mtandao wa PlayStation.

Kwa hiyo leo leo badilisha neno la siri la kuingilia mipangilio ya ruta, na la kamera ya getini. La ruta si lile la Wi-Fi, ni mawili tofauti. Zima usimamizi wa ruta kutoka nje. Zima na WPS, ile njia ya mkato ya kuingia Wi-Fi kwa namba: namba yake ina tarakimu nane, lakini inakaguliwa nusu kwa nusu, na mwaka 2011 ilionekana kwamba majaribio 11,000 yanatosha kuimaliza. Vijana wa barazani wape Wi-Fi ya wageni, yenye neno lake. Siwanyimi, ila sitaki simu zao zikae mtandao mmoja na kompyuta yako.

Diamondi za bure za kwenye gemu hazipo. Wanaogawa wanataka akaunti yako. Washa uthibitisho wa hatua mbili.

Nimekutumia hela ya waya na nauli ya Kariakoo. Chukua waya wa mtandao wa aina ya Cat5e wa mita 20 uliobanwa vichwa tayari, uupitishe juu ya milango, bibi asijikwae. Kisha nipigie picha vidirisha vyote viwili, saa mbili usiku Zuhura akiwa hewani, na tena asubuhi akiwa shule. Cha ruta kikiwa kimetulia na cha nje kinaruka hata nyumba ikiwa kimya, nitawapigia watoa huduma mimi mwenyewe. Nisalimie bibi, mwambie shikamoo.

Mama yako