Ripoti za kitaalamu zianze na jibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala uliozuka baada ya makala iliyowalaumu madiwani kwamba wanapitisha miradi ya maji bila kusoma ripoti za wataalamu. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini imeelemea upande mmoja. Nimefanya kazi ya uhandisi wa maji katika mikoa ya kaskazini kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya ripoti hizo haisomwi kwa sababu haikuandikwa kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuamua. Mwandishi hufuata mtiririko wa kazi yake mwenyewe, yaani alianzia wapi, akapima nini na akamalizaje, ilhali diwani aliyeketi kikaoni anataka kujua kama mradi ujengwe au usijengwe, na kwa masharti gani.

Nitoe mfano wa ripoti ya kisima kirefu iliyopita mikononi mwangu, ya kijiji kimoja kwenye miteremko ya Mlima Meru. Kurasa za mwanzo zilieleza jiografia ya wilaya, mvua, idadi ya watu na asili ya miamba ya volkano. Zikafuata kurasa za upimaji wa tabaka za ardhi, uchimbaji, na jaribio la kusukuma maji kwa pampu, pamoja na majedwali yaliyoonyesha dakika kwa dakika jinsi kina cha maji kilivyokuwa kikishuka. Hitimisho likasema kwamba kisima kina maji ya kutosha na kwamba ubora wake unakidhi viwango. Majibu ya maabara yaliwekwa kwenye kiambatisho cha mwisho kabisa, na humo, katikati ya orodha ya chuma, manganizi na kloraidi, palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa "Floraidi: 3.4". Hapakutajwa kama ni miligramu kwa lita au ni kitu kingine, wala kiwango kinachoruhusiwa, wala tarehe ambayo sampuli ilichukuliwa.

Wakazi wa maeneo yale wanaifahamu floraidi, madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba na kuingia majini, hata pale wasipolijua jina lake, kwa kuwa wanaiona kwenye meno ya watoto yaliyogeuka kahawia na, kwa waliokunywa maji yenye kiasi kikubwa kwa miaka mingi, kwenye mifupa iliyopinda na viungo vilivyokakamaa. Kuchemsha maji hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Tanzania, kwa kuzingatia ugumu wa kupata maji salama katika maeneo mengi, iliruhusu kwa miaka mingi hadi miligramu 4 kwa lita kabla ya kushusha kiwango chake hadi hiyo 1.5. Maana yake ni kwamba namba 3.4, ikiwa kweli ni miligramu kwa lita, inakubalika kwa kiwango cha zamani na inazidi kile cha sasa zaidi ya mara mbili. Kuandika kwamba maji "yanakidhi viwango" bila kusema ni kiwango kipi, cha nani na cha mwaka gani, ni kumwacha diwani akiamini kwamba amekwisha kuambiwa jambo ambalo kwa kweli hakuambiwa.

Ripoti hiyo ingeweza kusema hivi kwenye ukurasa wa kwanza: "Maji ya kisima hiki yana floraidi miligramu 3.4 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa cha 1.5. Yasitumike kwa kunywa wala kupikia kabla ya kupunguzwa floraidi au kuchanganywa na maji ya chanzo kingine." Baada ya hapo kikao kingejadili gharama za kuchuja kwa mkaa wa mifupa, njia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi, au kutafuta chemchemi nyingine.

Ni kosa kudhani kwamba udhaifu huu ni wetu peke yetu. Mwezi Januari 2003, chombo cha anga za juu cha Marekani kiitwacho Columbia kiligongwa kwenye bawa la kushoto na kipande cha povu gumu la kukinga joto, sekunde 82 hivi baada ya kuruka. Wahandisi wa Boeing waliandaa slaidi za kuwaeleza wakuu wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ukubwa wa hatari. Kichwa cha slaidi muhimu kuliko zote kilitoa picha ya kutuliza kuhusu matokeo ya majaribio yaliyotangulia, wakati mstari wa chini kabisa, kwa maandishi madogo, ulionyesha kwamba kipande kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, ilhali kilichotumika katika majaribio kilikuwa na inchi za ujazo 3. Ni sawa na kulinganisha ndoo moja na nusu na kikombe kidogo cha kahawa, na hilo lilitosha kumwambia msomaji kwamba majaribio yale hayakuwa na uwezo wa kutabiri chochote. Tarehe 1 Februari Columbia ilisambaratika ikirejea duniani, na wanaanga wote 7 wakapoteza maisha. Bodi iliyochunguza ajali hiyo iliijadili slaidi ile waziwazi, ikaeleza kwamba ni rahisi kuelewa jinsi kiongozi angeweza kuisoma asitambue kwamba inahusu hatari ya maisha.

Chanzo cha tabia hii, kwa jinsi ninavyoiona, ni vyuo vyetu. Mwanafunzi hufundishwa kuandika tasnifu, yenye utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo, mjadala na hitimisho, kwa msomaji mmoja tu ambaye ni mtahini, na mtahini analazimika kusoma yote ili atoe alama. Mpangilio huo unafaa pale chuoni. Mhitimu anapoubeba kama ulivyo hadi kazini, jibu hukaa mwisho, na msomaji wake hana wajibu wa kufika huko. Hubeba pia mazoea mengine, kama vile kuandika mavuno ya kisima kuwa lita 6.1837 kwa sekunde wakati kifaa alichopimia hakiwezi kutofautisha 6.1 na 6.2, au kuandika "ilionekana" na "imependekezwa" bila kumtaja aliyeona wala aliyependekeza. Kisima kikipimwa mwishoni mwa masika, hilo lisemwe palepale penye namba ya mavuno, kwa kuwa mavuno hayo huenda yasipatikane mwezi Oktoba.

Wapo wenzangu wanaohofu kwamba kuandika hivi ni kuipunguzia sayansi uzito wake. Sikubaliani nao. Majedwali ya dakika kwa dakika ni ya lazima, maana mhandisi mwingine atayahitaji ili kukagua hesabu na kuchagua pampu, na mimi mwenyewe huyafungua kabla ya kitu kingine chochote. Yabaki kwenye viambatisho yakiwa kamili.

Ombi langu ni kwa halmashauri, RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) na mamlaka za maji, ambao ndio wanaolipia ripoti hizi. Hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi anayopewa mtaalamu, zitamke kwamba ukurasa wa kwanza uandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu vikao vya madiwani na vya jumuiya za watumia maji vinaendeshwa kwa Kiswahili, na kwamba ukurasa huo useme kisima kinatoa maji kiasi gani na kilipimwa lini, maji yanafaa kwa matumizi gani kwa kiwango kilichotajwa kwa jina na mwaka, na mtaalamu anashauri nini kifanyike. Mtaalamu aliyefanya kazi aweke saini yake chini ya ukurasa huo, na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka mwenyekiti wa kijiji husika ausome na kuthibitisha kwamba ameuelewa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhandisi wa Maji,
Arusha