Jumamosi tunachapa picha za nyuso kwa vibao vya mbao
Wanakikundi, habari za jioni. Jumamosi tunafuata njia ya Paul Jacoulet, Mfaransa mchora picha za kuchapwa aliyeishi Japani: yeye alichora, mchongaji Kentaro Maeda akachonga vibao, na kila rangi ikawa na kibao chake. Loweni karatasi Ijumaa jioni kwa brashi, zifungeni kwenye nailoni zilale humo. Asubuhi ziwe na unyevunyevu tu, zisichuruzike. Karatasi ikikauka katikati ya kazi hunywea, na rangi ya mdomo hutoka nje ya mstari hata kama alama za pembeni za kupangia karatasi kwenye kibao zimechongwa sawasawa. Wino mwingi huziba mistari myembamba ya nywele, na nywele ndizo uzuri wenyewe wa nyuso hizi! Unga wa mika, madini yanayometameta, uje mwisho, gundi ikiwa bado mbichi. Mwenye picha ya zamani asiifute kwa kitambaa, mika hubanduka.