Kwa nini meli yetu inaonekana kubwa kwenye picha

Mwezi uliopita mteja wetu wa Dodoma alifungua kifurushi chake, kisha akapiga simu: "Dada, mimi niliagiza meli, mmeniletea kishikio cha funguo." Alikuwa ameagiza mchongo wetu wa mninga wa Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, na kwenye kabati la sebuleni keshautengea nafasi. Tulimrudishia fedha yake, lakini neno lile limetukaa moyoni. Vipimo tulikuwa tumeviandika. Picha ndiyo iliyomshinda.

Liemba yenyewe, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa ziwani 1915, ina urefu wa takriban meta 71. Yetu ina sentimita 7. Kila meta ya meli imebaki milimita moja, na mlango wa abiria haupiti kichwa cha njiti ya kiberiti.

Picha ile tuliipiga simu ikiwa imelazwa mezani, lenzi usawa wa pale maji yangefika, omo, yaani mbele ya meli, ikitujia. Jicho limezoea kwamba kitu unachokitazama kutoka chini kimekuzidi kimo. Tena lenzi ikisogea karibu hivyo, mbele huvimba na nyuma husinyaa, vilevile uionavyo meli halisi ukisimama gatini. Na simu, kwa udogo wa lenzi yake, huonyesha omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, safi kabisa. Kamera kubwa ingefifisha nyuma, na ukungu ule ndio huliambia jicho kwamba kitu ni kidogo.

Siku moja tuliipiga juu ya mchanga wa Kibirizi. Punje zilionekana kama kokoto, na meli ikarudia udogo wake papo hapo! Nyuzi za mbao nazo husema ukweli. Ndiyo maana mitumbwi ya sentimita 3 tunaichonga kwa mpingo, wenye nyuzi laini kuliko mninga.

Sasa kila mchongo una picha mbili. Ile ya kutoka chini tumeibakiza, maana madirisha yale fundi anayatoboa kwa sindano moja baada ya jingine, na anastahili yaonekane. Ya pili mchongo uko kiganjani mwake, kando ya kiberiti. Anza na hiyo. Kisha chukua rula, pima sentimita tulizoandika palepale unapotaka kuuweka. Ukiona mchongo ni mdogo, tuambie kabla hujalipa. Liemba ya sentimita 30 tunachonga kwa oda.