Mamba wa Gotthard hakuitwa mamba kwa ajili ya rangi

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita mlichapisha picha nzuri ya kichwa cha treni cha Uswisi, kile kinachojulikana na wapenzi wa reli kwa jina la Krokodil, yaani mamba, na chini yake mkaeleza kwamba jina hilo lilitokana na rangi yake ya kijani. Naomba nafasi kidogo ya kusahihisha maelezo hayo. Sina nia ya kumwaibisha aliyeyaandika, kwa kuwa kosa hilohilo nimelisikia hata kwa watu waliozeeka na reli. Ila linaonyesha jinsi majina ya utani ya mitambo hii yanavyopoteza maana yakiachwa yatembee peke yake bila ya kisa chake.

Vichwa hivyo, vya aina ya Ce 6/8 II, vilianza kutengenezwa mwaka 1919 kwa ajili ya kuvuta treni za mizigo katika njia ya milimani ya Gotthard, na vilipoingia kazini vilikuwa vya rangi ya kahawia. Kijani kilikuja baadaye. Ndugu yao mdogo wa reli nyembamba ya Rhätische Bahn, shirika jingine la Uswisi, Ge 6/6 I, naye anaitwa mamba, na watu humfahamu zaidi kwa rangi hiyohiyo ya kahawia. Kilichowapa jina ni umbo na mwendo. Transfoma ya zama zile ilikuwa zigo zito, hivyo iliwekwa katikati pamoja na vyumba vya dereva, nazo mota zikawekwa ndani ya pua mbili ndefu, moja mbele na moja nyuma, na pua hizo zikaunganishwa na kiwiliwili kwa viungo vinavyopinda, kwa sababu mtambo mrefu kiasi kile usio na viungo usingeweza kupita katika kona kali za milimani. Kichwa hicho kinapoingia kwenye kona, pua ya mbele hutangulia kugeuka, kiwiliwili kikafuata, kisha pua ya nyuma, huku vyuma virefu vinavyounganisha magurudumu vikipanda na kushuka ubavuni kama miguu mifupi ya mnyama anayejikokota. Hata kingepakwa rangi nyeupe, jina lake lingekuwa mamba.

Nimefanya kazi katika karakana ya vichwa vya dizeli kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sijawahi kuona jina la utani likitoka kwenye kikao. Tulikuwa na kichwa kimoja kidogo cha kupanga mabehewa ambacho kwenye daftari kilikuwa na namba tu. Kila asubuhi kilipowashwa kikiwa bado baridi, kilitoa mlipuko mmoja mkavu, kikanyamaza, kikatoa miwili mingine pamoja na wingu la moshi mweupe, ndipo kikashika. Tulikiita Mzee Kikohozi. Ugonjwa wenyewe ulikuwa nozeli, yaani vinyunyizio vya mafuta, zilizochakaa: mafuta yaliingia kwenye silinda yakiwa matone badala ya ukungu, hayakuungua yote, na yale yasiyoungua yakatokea kwenye bomba yakiwa moshi ule mweupe. Siku nozeli zilipobadilishwa kikohozi kilipona, lakini Mzee Kikohozi hakubadilishwa jina. Vijana walioajiriwa miaka ya baadaye walilikuta limeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa zamu, wakaamini kwamba zamani palikuwa na dereva mzee mwenye kifua kibovu.

Jambo hili halikutokea kwetu tu. Nchini Uingereza, vichwa 50 vya daraja la 50 (daraja hapa ni aina ya kichwa, si daraja la kuvukia), vilivyotengenezwa na kampuni ya English Electric mwaka 1967 na 1968, vilipachikwa jina la Hoover, ambalo Waingereza hulitumia kwa mashine yoyote ya kufyonza vumbi, kwa kuwa mfumo wake wa kuchuja hewa ya injini ulikuwa na feni zenye mvumo uleule unaosikika nyumbani mtu akisafisha zulia. Vilipofanyiwa ukarabati mkubwa, kazi iliyomalizika katika miaka ya 1980, mfumo ule uliondolewa na mvumo ukatoweka. Jina lilibaki palepale. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa baada ya hapo, akisimama kando ya kichwa cha daraja la 50 na kutega sikio, hatasikia chochote kitakachomweleza kwa nini kinaitwa hivyo. Itambidi asimuliwe na mtu au asome mahali.

Ukimwacha mamba, mifano yangu nimeianza na masikio kwa makusudi, kwa maana waandishi wengi huanza na macho, ilhali wafanyakazi wa reli hukitambua kichwa kwa sauti kabla hakijaonekana. Waingereza haohao walikuwa na daraja la 40 lililoitwa wapiga mluzi kwa ajili ya turbo yake, yaani feni inayoisukumia injini hewa, daraja la 20 lililoitwa helikopta kwa ajili ya mdundo wake, na daraja la 37 lililoitwa trekta. Mtu aliyelala nyumba ya pili kutoka relini angeweza kukutajia, bila ya kufungua dirisha, ni kipi kimepita.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni wa kichwa cha dizeli cha M62 kilichotengenezwa Luhansk, katika Muungano wa Kisovieti, na kuanza kupelekwa katika nchi za Ulaya Mashariki katikati ya miaka ya 1960. Kina injini ya nguvu ya farasi 2,000 yenye silinda 12, ya mipigo miwili, maana yake kila silinda hulipuka katika kila mzunguko, na vichwa vya mwanzo vilivyofika Ujerumani Mashariki havikuwa na silensa ya kupunguza kelele. Wajerumani wakakiita Taigatrommel, ngoma ya taiga, taiga ikiwa ni misitu ile mikubwa ya baridi ya kaskazini mwa Urusi. Vilivyofuata vilikuja na silensa, lakini ngoma ilikwisha kupigwa. Wahungari walikipa jina la mtu, Szergej, na majirani zao wa Chekoslovakia wakakiita Sergej vilevile. Wapolandi wakakiita Gagarin, kwa jina la Yuri Gagarin aliyekwenda anga za juu mwaka 1961. Mtambo ni mmoja, kiwanda ni kimoja, kelele ni zilezile, lakini Mjerumani alitaja msitu wa nchi ulikotoka, Mhungari alimkaribisha kama mgeni mwenye jina la kigeni, na Mpolandi akamtania kwa shujaa maarufu wa nchi iliyokituma. Walipokuja wadogo zake wa daraja la 130 kuanzia mwaka 1970, Wajerumani waliwaita Ludmilla, jina la mwanamke wa Kirusi, na ukoo ukakamilika.

Huenda msomaji akauliza, kama majina ya utani ni ya mapenzi, mapenzi yenyewe yako wapi katika hayo, ikiwa ngoma ni lalamiko la kelele na kikohozi ni lalamiko la ubovu. Jibu limo ndani ya neno letu la utani. Mtu humtania wa karibu yake. Mpita njia hamtanii, humkwepa tu. Wafaransa waliviita baadhi ya vichwa vyao vya BB 16500 wacheza dansi, kwa jinsi vilivyoyumba njiani, na nina hakika dereva aliyetikiswa mgongo kwa saa nne hakulitamka jina hilo kwa furaha siku ya kwanza. Lakini baada ya miaka kumi ya kuyumbishwa na kichwa kilekile, na kurudishwa nyumbani salama na kichwa kilekile, lalamiko hugeuka kuwa mazoea, na mazoea hayako mbali na mapenzi.

Majina yatokanayo na sura sitayakalia sana, kwa kuwa mengi yanajieleza. Wacheki walikuwa na kichwa chenye madirisha yaliyokaa kama miwani, nao wakakiita mvaa miwani. Kingine cha nchi hiyohiyo, cha miaka ya 1960, waliita Bardotka, kwa jina la mwigizaji Brigitte Bardot, kwa sababu ya uso wake uliotuna kwa mbele, na kwa heshima ya wasomaji wako nitaishia hapo. Yapo pia majina yaliyozaliwa na herufi na namba zilizopakwa ubavuni, na haya yananivutia zaidi kwa sababu yanatoka kwenye kitu kikavu kabisa. Katika Japani, D ilimaanisha kichwa chenye ekseli nne za kusukuma, na 51 ilikuwa namba ya aina. Wafanyakazi wakaisoma D51 kwa sauti, herufi kwa herufi na tarakimu kwa tarakimu, likawa Degoichi, jina ambalo Mjapani asiyejua lolote kuhusu mvuke analifahamu. Warusi nao walikuwa na kichwa cha mvuke cha aina ya Ov, na kwa kuwa herufi hizo zinaanzia neno lao la kondoo, kikawa Ovechka, kondoo mdogo. Hakina manyoya wala hakilii kama kondoo, na atakayeitazama picha yake akitafuta mfanano wowote atapoteza siku nzima.

Ofisi za reli nazo hutoa majina, na baadhi ni mazuri. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivipa vichwa vyake 34 vya mvuke vya Garratt vya daraja la 59 majina ya milima, na mlima kwa kichwa cha ukubwa ule ni jina linalostahili. Hata hivyo jina la ofisini hutundikwa kwenye kibao cha shaba, nalo jina la utani halihitaji kibao. Mwaka 1941, kiwanda cha ALCO cha Schenectady, nchini Marekani, kilikuwa kinamalizia kichwa cha kwanza kati ya 25 vilivyotengenezwa kwa ajili ya kampuni ya reli ya Union Pacific, mtambo wa zaidi ya tani 500 ukiupima pamoja na behewa lake la makaa na maji. Kulikuwa na wazo la kuviita Wasatch, kwa jina la milima ambayo vingeipanda. Fundi mmoja akachukua chaki, akaandika Big Boy kwenye mlango wa duara ulioko mbele ya boila. Chaki ile ndiyo iliyoshinda, na namba 4014 iliporudishwa relini mwaka 2019 baada ya ukarabati, watu waliojipanga kando ya reli kuitazama hawakuwa wakililia Wasatch.

Mara chache ofisi huwa na busara ya kukubali kushindwa. Waitalia walipotengeneza kichwa cha umeme cha E.444, ambacho toleo lake la kawaida lilibuniwa kukimbia kilomita 200 kwa saa, kiliitwa Tartaruga, yaani kobe, na shirika la reli likachora kobe anayekimbia kwenye ubavu wa kichwa chenyewe. Asiyejua mwendo wake angedhani ni matusi.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Kila mnapochapisha picha ya kichwa cha treni, andikeni aina yake, andikeni jina lake la utani, na hapohapo andikeni kisa cha jina hilo kwa sentensi moja, baada ya kumuuliza mtu aliyekiendesha au aliyekitengeneza. Macho ya mwandishi, yakiachwa peke yake na picha, yataona kijani na kuandika kijani. Wenye visa hivi wengi wamestaafu, na kwenye daftari za karakana hutavikuta. Daftari zetu ziliandika kwamba nozeli sita zimebadilishwa, na hazikusema neno lolote kuhusu Mzee Kikohozi.

Kwa picha ya toleo lililopita, napendekeza maelezo yafuatayo katika toleo lijalo: “Kichwa cha umeme cha Ce 6/8 II cha Reli za Shirikisho za Uswisi, kilichotengenezwa kwa ajili ya treni za mizigo za Gotthard. Kinaitwa Krokodil kwa sababu ya pua zake mbili ndefu na kiwiliwili kinachopinda katika kona.”

Wako katika kazi,
Fundi mstaafu wa karakana ya vichwa vya dizeli