Rufaa ya daktari si kibali cha bima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu tunaoishi Kentucky kwa kadi ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mwezi uliopita wifi yangu aliniita kwake, hapa Louisville. Mezani palikuwa na bili ya dola 3,870 kutoka hospitali ya Ohio alikompeleka mwanawe kupimwa moyo. Binti yake wa miaka 11 alikuwa ameshika simu, akimtafsiria mama maneno ya watu wa bima ambayo hata yeye hayajui kwa Kiswahili. Binti huyo alikuwa analia.

Wifi kakosa nini? Daktari wa hapa ndiye aliyempa rufaa. Kule mapokezi walichukua kadi, wakaitoa nakala, wakamrudishia. Akajua mambo yako sawa. Na lugha yetu nayo inatuponza: tukisikia "rufaa" tunaona ruhusa imeshatoka. Kumbe karatasi ya daktari inasema tu mtoto anahitaji tiba ile. Kulipa ni uamuzi wa bima, na bima hutaka kibali chake kitolewe kabla ya siku ya miadi.

Medicaid huendeshwa na kila jimbo kivyake, kwa hiyo ukivuka mto Ohio kadi yako iko ugenini. Haikosi nguvu kabisa: sheria ya serikali kuu inalitaka jimbo lako lilipe ikiwa ni dharura, au ikiwa tiba unayoihitaji inapatikana kwa urahisi zaidi jimbo jingine. Dharura ikikukuta, kimbilia hospitali iliyo karibu, mengine baadaye. Lakini kwa miadi ya kupangwa, piga namba iliyo nyuma ya kadi, uliza kama hospitali ile imesajiliwa na Medicaid ya Kentucky, dai namba ya kibali, uiandike. Sema neno moja tu, "Swahili", wakutafutie mkalimani. Ni bure, na ni haki yako.

Makarani wa kliniki mnaotuandikia rufaa za nje ya jimbo, nawasihi: mwambieni mama habari ya kibali kabla hajawasha gari. Wifi alipoteza ujira wa siku mbili kwa safari ile. Hakuuliza kwa sababu hakujua kuna la kuuliza.

Barua ya bima ilikuwa na tarehe ya mwisho ya kupinga uamuzi, tumeiwahi. Shauri litasikilizwa kwa simu mwezi ujao, na mkalimani tumeshamwomba. Siku hiyo binti atakuwa shuleni.

Msomaji wako,
Louisville, Kentucky