Ruhusa ya msiba iwekwe mezani viwandani Mwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowatesa wafanyakazi wengi wa viwanda na miradi ya hapa Mwanza, ambalo kwa kawaida huishia kwenye manung'uniko ya mama lishe na vijiwe vya kahawa bila kuwafikia wenye kuamua. Jambo lenyewe ni ruhusa ya kwenda msibani. Tunapozungumzia msongo wa mawazo kazini hutaja mshahara mdogo, saa nyingi na wasimamizi wakali, na hayo yote ni kweli. Hata hivyo, katika miaka niliyosimamia zamu kwenye kiwanda cha kuchakata samaki kandokando ya ziwa, sikuona kitu kilichowavuruga watu wangu kama simu ya msiba iliyoingia katikati ya kazi.

Asiyeyafahamu maeneo haya ya kazi anapaswa kwanza kujua ni watu gani wanaokutana humo. Kwenye meza moja ya kukatia minofu ya sangara utamkuta Msukuma wa Magu, Mkerewe wa Nansio, Mjita, Mhaya, Mkurya na Muha, Wakristo kwa Waislamu. Ofisini yupo mhasibu Mtanzania mwenye asili ya Asia, na juu yao wote mara nyingine yupo meneja aliyetoka ng'ambo. Hali ni hiyo hiyo kwenye reli ya kisasa ya kilomita 341 kati ya Mwanza na Isaka, ambako kampuni za Kichina zimeajiri vijana wetu, na ilikuwa hivyo kwenye daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Watu hawa hushirikiana vizuri katika kazi yenyewe, maana kisu na koleo havina kabila. Wanapotofautiana ni pale mmoja wao anapofiwa, kwa sababu kila jamii ina wajibu wake kwa marehemu, ina watu wake inaowahesabu kuwa wafiwa, na ina muda wake wa kukaa matanga.

Mwislamu huzika mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo, hivyo anahitaji kuondoka sasa hivi wala si kesho asubuhi baada ya fomu kutiwa saini. Mkara, yaani mtu wa kisiwa cha Ukara, anayefanya kazi Igogo hapa mjini hupanda meli hadi Nansio, husafiri kwa gari hadi Bugolora, kisha huvuka tena maji hadi Bwisya, na hapo bado hajafika kaburini. Siku mbili zimekwisha kwa kwenda na kurudi tu, ziwa likiwa shwari. Familia ya Kihindu huwa na ibada zinazoendelea hadi siku ya kumi na tatu. Wa Sengerema na Geita sasa wamepata nafuu kubwa kwa lile daraja, kwani zamani foleni ya kivuko peke yake ingeweza kumfanya mtu akute watu wameshatoka makaburini.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi siku zisizopungua nne zenye malipo mtoto wake anapougua au kufariki, au anapofiwa na mwenzi wake wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Siku hizo nne ni za jumla katika mzunguko mmoja wa likizo, ambao kwa ruhusa ya aina hii ni miezi 36 ya ajira, hata kama misiba ni miwili au mitatu, na zinazozidi hapo hutolewa kwa idhini ya mwajiri na bila malipo. Mimi naiheshimu sheria hii, na ninajua ilikuwa hatua kubwa. Lakini aisome kwa makini yeyote aliyekulia Kanda ya Ziwa: baba mkubwa hayumo, mama mdogo hayumo, shangazi na mjomba hawamo, wala wakwe. Kwa familia nyingi za huku hao ndio waliotulea, waliotulipia ada, na ndio watakaosimama siku ya mahari na siku ya maziko yetu wenyewe.

Nilishuhudia mwanamke mmoja, mkataji minofu mzoefu, akikataliwa ruhusa alipofiwa na mama yake mdogo. Huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga, baada ya mama mzazi kufariki. Meneja, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mkatili, alifungua orodha ya kampuni, hakumwona mama mdogo, akaifunga. Mwanamke yule aliondoka hata hivyo, akazika, na aliporudi alikuta nafasi yake imejazwa. Ninalolikumbuka zaidi ni siku zilizofuata kwa waliobaki. Kila simu ilipolia, mikono ilisita mezani. Watu walianza kuficha misiba na kuja kazini bila kulala, na wengine walijikata vidole kwa visu wanavyovitumia kila siku. Hakuna aliyeandika popote kwamba chanzo cha majeraha yale kilikuwa huzuni iliyokosa pa kwenda.

Mtafiti wa Marekani, Robert Karasek, alieleza mwaka 1979 kwamba kazi humchosha mtu akili hasa pale madai yanapokuwa makubwa huku uwezo wake wa kuamua ukiwa mdogo. Maelezo hayo yanaingia moja kwa moja katika hali ninayoizungumzia. Mfanyakazi wa kiwandani hudaiwa na mabwana wawili kwa wakati mmoja: msimamizi anataka idadi ya kilo, na mtaa unataka kumwona msibani, kwa sababu chama cha kufa na kuzikana humhesabu aliyefika na asiyefika, na asiyezika wenzake hujua atakavyozikwa. Kati ya madai hayo mawili hana analoweza kuliamua mwenyewe. Anangoja tu kauli ya mtu ambaye huenda hafahamu hata umbali wa Ukara. Kutoridhika na kazi huanzia hapo, hata kwa mtu ambaye mshahara wake haumpi malalamiko.

Lipo na jingine ambalo wakaguzi wa kazi wangelitazama. Sheria hiyo hiyo inatoa siku 28 za likizo ya mwaka ili mtu apumzike. Katika maeneo niliyoyafahamu, siku hizo hukatwakatwa kwa ajili ya misiba ya ndugu wasiomo kwenye orodha, mbili huku, tatu kule, hadi mwaka unakwisha mfanyakazi hajapumzika hata wiki moja mfululizo. Kwenye karatasi likizo imetolewa. Mwilini haikuonekana. Na yule ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana hata hiyo likizo yenye malipo ya kukatiwa, hivyo kwake msiba ni kuchagua kati ya ndugu na kibarua.

Waajiri nao nimewasikia kwa miaka mingi, na hoja zao si za kupuuzwa. Samaki hangoji. Siku za upepo mkali boti huchelewa visiwani, kisha mzigo wote huingia usiku mmoja, na minofu inayosafirishwa ikiwa mibichi ikikosa ndege yake hasara ni ya kiwanda kizima pamoja na wafanyakazi wenyewe. Ni kweli pia kwamba wapo wanaosingizia msiba, na hao huwaumiza zaidi wenzao wenye msiba wa kweli kuliko wanavyomuumiza mwajiri. Ila dawa ya uongo ni uthibitisho, na barua ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji hupatikana. Kukataa ndugu wa aina fulani kwa jumla hakumzuii mwongo, kwa kuwa yeye atasema amefiwa na baba.

Ninachokikataa kabisa ni kauli ninayoisikia kwa baadhi ya mameneja, Watanzania wenzetu wakiwemo, kwamba huu ni utamaduni wa uvivu. Wachina wanayo siku ya Qingming, mwezi Aprili, ya kwenda kusafisha makaburi ya wazee wao, na nchini kwao ni sikukuu ya taifa. Meneja wa Kihindi anazijua ibada za siku kumi na tatu. Kila mmoja katika jengo lile ana marehemu anaowajibika kwao, na kama mameneja na wakataji wangekaa pamoja na kuelezana jinsi wanavyozika kwao, naamini nusu ya ukali ungeyeyuka. Sijawahi kuona semina ya mafunzo kazini iliyogusa jambo hili, ingawa nimehudhuria nyingi za kunawa mikono na kuvaa kofia.

Pendekezo langu linawahusu zaidi viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, TUICO na vinginevyo, pamoja na waajiri wanaokaa nao mezani. Siku nne za kifungu cha 34 ni kiwango cha chini, na hakuna kinachozuia mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, kwenda mbele zaidi. Mkataba huo unaweza kusema kwamba aliyemlea mfanyakazi atahesabiwa kuwa mzazi, kwa uthibitisho wa serikali ya mtaa au kijiji. Unaweza kutenganisha siku za safari na siku za msiba, ili Mkara asipunjwe kwa sababu ya maji. Unaweza kuruhusu wafanyakazi kubadilishana zamu kwa kumwarifu msimamizi, ambaye awe na mamlaka ya kutoa ruhusa ya kuondoka saa hiyo hiyo, hata usiku, bila kumngoja meneja aamke. Katika zamu yangu tulijaribu hili la kubadilishana kwa makubaliano ya mdomo tu, na wenzao walioziba mapengo walifanya hivyo kwa moyo, wakijua zamu yao nao itafika. Uzalishaji haukushuka kiasi cha mtu wa ofisini kuuliza.

Kwa vibarua, ambao ndio wengi na wanyonge zaidi, naomba jambo dogo liandikwe: kwamba aliyefiwa akatoa taarifa, nafasi yake ishikiliwe kwa siku zitakazokubaliwa, hata kama hatalipwa. Mkataji mzoefu hutoa minofu mingi zaidi kwa samaki yule yule kuliko mgeni aliyeokotwa getini asubuhi, na kiwanda kinachomfukuza kwa sababu amekwenda kuzika kitalipia uamuzi huo kwa wiki nyingi kwenye mizani yake chenyewe.

Msimamizi wa zamu mstaafu,
Kirumba, Mwanza