Baba, nimeiona zamu yenu kwenye sinema

Berlin, Ujerumani

Baba mpendwa,

Assalam aleikum. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Pesa za dawa za Mama nimetuma Ijumaa. Mwambie Zaina aangalie simu.

Juzi niliona Metropolis, picha ya Fritz Lang iliyotoka hapa hapa Berlin mwaka 1927. Ni sinema bubu: midomo inacheza, kisha maandishi yanatokea. Muziki ulipigwa mbele yetu na watu wenye ala zao, ule ule aliotungia picha hiyo Gottfried Huppertz. Nilikuwa tayari kusinzia.

Basi zamu zikabadilishana. Mvuke wa king'ora unauona, mlio husikii. Kundi moja linaingia, jingine linatoka, vichwa chini, na wanaotoka ndio wanaojikokota zaidi. Nikakuona wewe ukirudi nyumbani Walukuba, pale Jinja, asubuhi kutoka kiwandani, pamba kwenye nywele. Mle kiwandani kuna saa ya ukutani yenye namba 10 tu, kwa kuwa zamu ni masaa 10. Mtoto wa tajiri anashika mashine ya mfanyakazi zamu moja, anaanza kumlilia baba yake: masaa haya hayaishi? Wewe ulifanya 12, sisi tukasikia kukoroma tu.

Picha hii ilikatwakatwa mara baada ya kutoka, ikadhaniwa vipande vimepotea kabisa. Mwaka 2008 nakala ikajulikana ipo Argentina, katika jumba la makumbusho ya sinema la Buenos Aires. Kama dakika 25 zikarudishwa, ikaonyeshwa upya hapa mwaka 2010. Vipande hivyo huvikosi: vina mikwaruzo kama mvua ya masika. Nakala ilipigwa kutoka mkanda uliokwisha chakaa, kwa hiyo mikwaruzo ilinakiliwa pamoja na sura za watu. Palipokosekana picha kabisa wameweka maelezo kwa maandishi. Hilo nimelipenda, hawakubuni kitu.

Vijana nyuma yangu walicheka mikono na macho ya mwigizaji Brigitte Helm, na kweli anazidisha. Ila yeye ndiye Maria mwema anayewatuliza wafanyakazi, yeye pia ndiye mashine iliyovishwa sura ya Maria, na ile mashine ilipokonyeza jicho hakuna aliyecheka tena.

Mwisho ndio sikuukubali. Msimamizi wa wafanyakazi anapeana mkono na tajiri, basi, yamekwisha! Mshahara hautajwi. Lang mwenyewe baadaye alisema ile ni ngano tu.

Nadhani kinachokosekana ni VJ, yule mtu anayetafsiri na kusimulia sinema kwa kipaza sauti huku watu wakitazama. Yule wa kibandani kwetu asingeuacha mkono ule upite hivi hivi. Angemdai tajiri malimbikizo ya mwaka mzima. Nimenunua diski, nitampa Swale akija huko. Ni karibu masaa mawili na nusu, kwa hiyo kaeni na chai. VJ akifika kwenye zamu, mnyang'anye kipaza sauti useme wewe.

Msalimie Mama, na watoto wa shangazi.

Mwanao,
Idi